Jua limemegwa kwenye picha za setilaiti: ni mwezi, ni kamera, au tunachezewa?

Zamu ya Usiku

Wakuu, habari za saa hizi.

Kazi yangu ni ya usiku. Nalinda mitambo mpaka kunakucha, na jua la kweli hulikuta njiani nikienda kulala. Labda ndiyo maana nimezoea kuliangalia kwenye simu. Sasa ni miezi mitatu, kila zamu, kabla ya mzunguko wa kwanza, nafungua picha za jua za setilaiti ya SDO ya NASA na kutazama video ya saa 48 zilizopita. Mimi si mwanasayansi. Ni mazoea tu, kama mwingine asivyolala bila kujua matokeo ya mpira.

Juzi nimeona jambo. Jua la rangi ya dhahabu limetulia zake, mara upande mmoja ukaanza kuliwa. Weusi ukaingia, ukaenea, jua zima likazimika. Baada ya muda likarudi, likianza na upande ule ule uliotangulia kuliwa. Hakuna mahali palipotangazwa kupatwa kwa jua siku hiyo. Na kilichonishangaza zaidi ni ukingo wa huo weusi: haukuwa mkali kama ukingo wa sahani, ulikuwa umechakaa, kama kitambaa kilichochanwa kwa mkono.

Nikamwonyesha mwenzangu wa zamu. Alicheka mpaka akakaa chini. "Sikukuambia hizo ni katuni? Leo jua la dhahabu, kesho la kijani, keshokutwa zambarau. Wewe uliwahi kuona jua la zambarau?" Kisha akamalizia: jua liko juu ya kichwa cha kila mtu, halilipiwi, sasa roketi ya nini kwenda kuliangalia?

Nimetafuta jibu nikakosa. Hasa hilo la mwisho limenikaa. Wenye ujuzi nisaidieni, maana huyu bwana bado ananicheka na zamu zetu zinafuatana mwezi mzima.

Kokoto

Mwezi huo. Funga uzi.

Zamu ya Usiku

Mkuu Kokoto, hilo lilikuwa wazo langu la kwanza. Lakini usiku ule nilipotoka nje mwezi ulikuwa mpevu kabisa. Mwezi mpevu uko upande ule, jua upande huu, dunia katikati. Ungelizibaje? Tena nimerudia video ya jana, jambo ni lile lile, karibu saa ile ile. Mwezi haupiti mbele ya jua kila siku.

Mwalimu Mstaafu

Kijana wa zamu, umejibu vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi. Nimefundisha fizikia miaka 31 na nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia "nilitoka nje nikaangalia".

Kokoto hajakosea kwa mbali sana. Kuna siku mwezi nao hukatiza mbele ya SDO. Lakini mwezi hauna hewa, kwa hiyo ukingo wake kwenye picha hizo huwa kama umekatwa kwa wembe. Ukiikuza picha unaona hadi milima yake imejichora kwenye mwanga wa jua. Ukingo uliochakaa ni wa dunia. Ulichokiona ni dunia yetu imejipenyeza kati ya setilaiti na jua, na kinachoufifisha ukingo ni angahewa, inayonyonya mwanga ule kidogo juu, zaidi chini, mpaka unaisha wote. Hutokea mara mbili kwa mwaka, karibu wiki tatu kila kipindi, na siku yenye giza refu kuliko zote jua huzibwa kwa dakika 72. Baada ya hapo baadhi ya picha huwa na ukungu kidogo kwa muda, kwa sababu vioo vimepoa gizani na vinahitaji kupata joto tena.

Utauliza, kwa nini waliiweka mahali ambapo dunia itaizibia? Kwa sababu ya wingi wa picha. SDO iliruka tarehe 11 Februari 2010, na tangu hapo inapiga jua picha za pikseli 4,096 kwa 4,096, kwa vichujio kadhaa, nyingi kati ya hizo kila baada ya sekunde 12. Kwa siku ni karibu terabaiti moja na nusu. Mzigo huo hauwezi kuhifadhiwa ndani ya chombo ukisubiri kipite juu ya kituo. Lazima ushushwe papo hapo, mchana na usiku. Kwa hiyo wakaiweka kwenye njia inayoizungusha dunia mara moja kwa siku, ili antena zake zilizoko White Sands, New Mexico, ziione wakati wote. Ukikaa hapo, dunia itakukatizia mara chache kwa mwaka. Walijua, wakakubali. Na kwa kuwa wakati huo setilaiti iko upande wa dunia usioelekea jua, giza huingia pale ambapo ni karibu usiku wa manane huko chini yake. Ndiyo maana unaikuta karibu saa ile ile kila siku.

Sasa rangi. Hapa mwenzako ana haki nusu: rangi zimepakwa. Kamera haioni dhahabu wala zambarau, inahesabu tu mwanga ulioingia, na watu wa chini wameamua kila kichujio kiwe na rangi yake ili wasichanganye. Lakini kilichopigwa picha si katuni. Pembeni ya picha kuna namba: 171, 193, 304, 94. Hizo ni urefu wa wimbi kwa angstromu, sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Ni mwanga wa urujuanimno wa mbali sana, ambao jicho halina habari nao. Kama wangeacha rangi yake halisi, mwenzako angeona picha nyeusi, na hapo angecheka zaidi.

Sasa nipe nafasi nikae kwenye hizo namba, maana ndizo zilizonifanya nisistaafu kichwani.

Mwaka 1869, jua lilipopatwa, wataalamu waliuchambua mwanga wa korona, ile taji nyeupe inayoonekana jua likifunikwa lote. Wakakuta mstari mmoja wa kijani usiolingana na elementi yoyote waliyoijua. Wakasema basi ni elementi mpya, wakaipa jina koroniamu. Ilikaa vitabuni miongo kadhaa. Mpaka karibu mwaka 1940 ndipo Walter Grotrian na Bengt Edlén walipofumbua fumbo: ni chuma. Chuma hiki hiki cha misumari, ila kimevuliwa elektroni 13 kati ya 26. Na ili chuma kivuliwe hivyo kunahitajika joto la zaidi ya digrii milioni moja. Uso wa jua una digrii kama 5,500. Yaani ukitoka usoni kwenda juu, mbali na moto, joto linapanda mara mia kadhaa. Kwa nini hasa, bado wanabishana.

Namba za SDO zinafanya kazi hiyo hiyo. 171, ya dhahabu, ni chuma kilichopoteza elektroni 8, joto la digrii laki sita hivi. 193 ni chuma kilichopoteza 11, zaidi ya milioni moja. 304, nyekundu, ni heliamu yenye digrii elfu hamsini. 94, lile la kijani analolicheka mwenzako, ni chuma kilichopoteza 17, joto la milioni sita. Ukitazama jua la kijani unatazama mahali palipowaka kupita kiasi, na sehemu nyingine zote zinabaki giza. Kila rangi ni kipimajoto chake.

Na hapo ndipo jibu la "roketi ya nini" lilipo. Mwanga huo haufiki ardhini. Panda mlima mrefu kuliko yote duniani, bado uko chini mno. Angahewa huumaliza juu ya kilomita mia. Ni heri yetu, maana ungefika tusingekuwepo kuuliza. Eksirei za jua ni vivyo hivyo. Watu walianza kuupata urujuanimno wa jua usiofika ardhini mwaka 1946 kwa kupachika vipimo kwenye roketi za V-2 zilizobaki vitani: dakika chache juu, kisha chini kwa kishindo, na filamu inatafutwa kwenye vifusi. Setilaiti ilikuja kuondoa huo "kisha chini".

Nitarudi, macho yangu siku hizi yana masharti.

Masafa Mafupi

Mwalimu amemaliza upande wa picha. Mimi niongezee upande wa kelele, maana ni mtu wa redio za masafa mafupi, za kujifurahisha, na jua limenitesa.

Kuna mchana mmoja nilikuwa nazungumza na mwenzangu wa mbali, sauti ikafifia, ikafa. Nikazungusha masafa yote: kimya. Si mikwaruzo, kimya kabisa, kama mtu amechomoa antena. Nikapanda juu ya paa. Nikakaza kila skrubu, nikasugua kila kiungio, mwisho nikatoa waya wote wa antena nikaweka mpya. Nikashuka, nikawasha, sauti hizo! Kwa wiki nzima nikiwaelezea watu jinsi waya wa zamani ulivyokuwa umeoza kwa ndani.

Baadaye mmoja akanionyesha grafu ya eksirei ya siku ile kutoka GOES, setilaiti za Marekani za hali ya hewa. Mlipuko kwenye jua wa daraja la X, la juu kabisa, dakika ile ile sauti ilipokufa. Eksirei zilipiga tabaka la chini la angahewa yenye umeme, likaanza kumeza mawimbi yangu badala ya kuyaacha yapite kurudishwa na tabaka la juu. Baada ya saa moja na ushee hali ikarudi yenyewe. Waya wangu wa zamani ulikuwa mzima. Nilishautupa.

Tangu siku hiyo nafungua grafu ya GOES kabla ya kugusa ngazi. Setilaiti hizo ziko kilomita 35,786 juu, na zimekuwa zikipima eksirei za jua tangu miaka ya sabini. Madaraja yake ni A, B, C, M, X, kila moja ni mara kumi ya lililotangulia. C sishtuki. M nakaa chonjo. X nazima redio nasoma gazeti.

Ila muelewe kitu kimoja: kwa mlipuko wa mwanga hakuna tahadhari. Eksirei husafiri kwa mwendo wa mwanga, dakika nane na sekunde kama ishirini. Setilaiti ikiziona, mimi nami zimeshanifikia. Kinachotabirika kidogo ni wingu, yale mabilioni ya tani za gesi yenye umeme na sumaku ambayo jua huyatema. Hayo huchukua siku moja hadi tatu au zaidi kufika. Likitoka, setilaiti za kamera zinaliona na watu wanapiga hesabu ya mwendo.

Lakini hesabu hiyo haikuambii sumaku ya wingu imeelekea wapi, na hilo ndilo kila kitu. Ikielekea kaskazini, sumaku ya dunia inalisukuma pembeni. Ikielekea kusini, inafungua mlango. Kujua, lazima wingu limguse mtu kwanza. Kwa kazi hiyo zilirushwa setilaiti ACE, mwaka 1997, na DSCOVR, mwaka 2015, zikakaa kilomita milioni moja na nusu kutoka hapa, upande wa jua. Wingu likipita pale kwa kilomita 800 kwa sekunde, una nusu saa. Hiyo ndiyo tahadhari yote tuliyonayo, nusu saa mpaka saa moja.

Msidhani ni mambo ya sisi wa redio tu. Machi 1989 dhoruba ya namna hiyo iliuangusha mtandao wa umeme wa Québec, watu milioni sita gizani kwa saa tisa. Februari 2022 dhoruba ndogo tu, isiyo na jina, ilivimbisha angahewa ya juu na kuzirudisha chini setilaiti 38 za Starlink kati ya 49 zilizokuwa zimerushwa siku moja kabla. Na Mei 2024 tulipata ya daraja la juu kabisa, ya kwanza tangu Oktoba 2003. Mianga ya kaskazini ikaonekana mpaka Mexico. Mimi siku hiyo sikusikia kituo hata kimoja, na sikupanda paa.

Zamu ya Usiku

Shikamoo Mwalimu, na asante sana mzee wa masafa. Nimesoma mara mbili, kisha nikamsomea mwenzangu kwa sauti. Hoja ya kipimajoto imemnyamazisha. Hoja ya waya imemchekesha, ila safari hii hakunicheka mimi.

Sasa ametoka na mpya. Anasema hizo setilaiti zote zimekaa upande wetu. Upande wa nyuma wa jua nani anauona? Na ile waliyosema imeligusa jua, kama joto ni mamilioni, mbona haikuyeyuka? Nimemwambia asubiri.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Mwambie mwenzako angekuwa darasani kwangu ningemkalisha mbele.

Kwanza nimsahihishe mzee wa masafa kidogo: ACE na DSCOVR haziko peke yao pale. Jirani yao mkongwe ni SOHO, ya Ulaya na Marekani, iliyoruka tarehe 2 Desemba 1995. Mahali pale panaitwa L1: mvutano wa jua na wa dunia vimepatana hivi kwamba chombo hulizunguka jua sambamba na dunia bila kuachwa wala kuitangulia. Pale hakuna usiku. Dunia haipiti mbele yako kamwe. Ni tofauti na SDO yako.

SOHO naipenda kuliko zote, msinilaumu. Ina koronagrafu, darubini yenye kisahani ndani kinachoziba uso wa jua, yaani jua linapatwa kila dakika. Bernard Lyot alibuni kifaa hicho karibu mwaka 1930 akakitumia juu ya mlima wa Pic du Midi, Ufaransa. Lakini korona ni hafifu kuliko uso wa jua karibu mara milioni, na hewa yetu hata ikiwa safi namna gani inatawanya mwanga ukaifunika. Juu kule anga ni nyeusi mpaka mlangoni kwa jua. Kwenye picha za SOHO unaona nyota nyuma ya jua, mchana kweupe.

Na unaona nyotamkia. Nilipostaafu nilijiunga na watu wa kujitolea wanaozitafuta kwenye picha hizo. Nyingi ni vipande vya nyotamkia moja kubwa iliyovunjika zamani, vinavyolikimbilia jua na kuishia hapo. SOHO haikutengenezwa kwa ajili yake, lakini Machi 2024 ilifikisha ya 5,000, na nyingi zimeonwa na watu wa kawaida walioketi na kompyuta zao. Usiku wangu wa tatu nikakiona kidoa: picha sita mfululizo, mstari umenyooka, mwendo unazidi. Mikono ilitetemeka. Nikapima, nikapima tena kwa sababu ni mwalimu, nikatuma. Kilikuwa kimesharipotiwa dakika kumi na moja kabla. Kupima mara ya pili kumeninyima nyotamkia, na ningerudia vile vile.

Kuna usiku mwingine picha zote zilijaa vidoa vyeupe, kama theluji, nikadhani kompyuta imekufa. Zilikuwa protoni za mlipuko mkubwa zikigonga kamera yenyewe. Chombo kikawa kinapiga picha ya kinachokipiga.

Karibu tuipoteze mapema. Juni 1998, kwa amri zilizokosewa wakati wa marekebisho, SOHO ilipoteza mwelekeo, mabawa yake ya umeme yakageuka ukingo kwa jua, ikazimika. Wiki nzima kimya, kisha wiki nyingine. Mwezi wa Julai sahani kubwa ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, upana mita 305, ilirusha mawimbi ya rada kuelekea ilipokadiriwa kuwa, na antena ya Goldstone, California, ikasikia mwangwi: ipo, inazunguka polepole, mzunguko mmoja kwa karibu sekunde 53. Wakaiamsha kidogo kidogo, wakaiyeyushia mafuta yaliyoganda. Desemba jairoskopu yake ya mwisho, kifaa cha kuhisi chombo kinavyogeuka, ikafa, na wahandisi wakaandika programu ya kuiendesha bila jairoskopu. Chombo kilichopangiwa miaka miwili kikavuka robo karne.

Haya, upande wa nyuma. Mwaka 2006 zilirushwa pacha mbili, STEREO, moja ikitangulia dunia na nyingine ikibaki nyuma, zikiachana kila mwaka. Tarehe 6 Februari 2011 zilikuwa pande mbili zinazotazamana, na kwa mara ya kwanza binadamu akaliona jua lote kwa wakati mmoja, mbele na nyuma. Mmoja alinyamaza Oktoba 2014 na hajarudi kazini. Siku hizi Solar Orbiter ya Ulaya, iliyoruka Februari 2020, nayo huchungulia kule ikipita, na Machi 2025 ilipiga picha za ncha ya kusini ya jua kutoka pembe ambayo kamera haikuwahi kukaa.

Lakini njia ninayoihusudu ni kusikiliza. Jua linatetemeka, kila sehemu ya uso wake ikipanda na kushuka kwa dakika tano hivi. Ni mawimbi ya sauti yamefungiwa ndani yanarukaruka. Wimbi likipita chini ya kundi la madoa makubwa upande wa nyuma, hubadilika kidogo mwendo, na mtetemo huo ulipimwa upande huu na SOHO, sasa na SDO. Kwa hiyo doa linajulikana kabla jua halijaligeuzia kwetu. Na jua hugeuka kwa utaratibu wake: siku kama 25 katikati, zaidi ya 30 karibu na ncha, kwa kuwa si jiwe.

Iliyoligusa jua ni Parker, iliyoruka Agosti 2018. Imepewa jina la Eugene Parker, ambaye mwaka 1958 aliandika kwamba jua hupuliza upepo wake mfululizo. Wakaguzi wawili wa jarida waliikataa makala, mhariri, Chandrasekhar, akaichapisha hivyo hivyo kwa kuwa hakuona kosa kwenye hesabu. Miaka minne baadaye chombo kilichokuwa njiani kwenda Zuhura kikapima upepo ule. Parker alikuwepo kuona roketi yenye jina lake ikiruka.

Kwa nini haiyeyuki. Mwulize mwenzako kama amewahi kukaa karibu na fundi anayesaga chuma kwa mashine. Cheche zile zina digrii zaidi ya elfu, na zinamrukia mkononi anakuna tu anaendelea. Zina joto kali lakini ni chembe. Korona ni hivyo: kila chembe ina hasira ya digrii milioni, lakini chembe zenyewe ni chache kiasi kwamba kwetu tungesema hapo ni patupu. Kinachotisha ni mwanga wa jua wenyewe, na huo unazuiwa na ngao ya kaboni yenye unene wa sentimita 11.4, iliyotengenezwa kuhimili digrii 1,400 hivi. Nyuma ya ngao vifaa vimekaa kwenye joto la chumba. Kazi kubwa ni kutotoka kivulini. Tarehe 24 Desemba 2024 ilipita kilomita milioni 6.1 kutoka uso wa jua, kwa mwendo wa karibu kilomita 690,000 kwa saa. Huku chini hakuna ambaye angeweza kuishika usukani, kwa hiyo ina vihisi vyake: kimoja kikionja jua, chombo kinajirekebisha chenyewe. Siku mbili walikaa bila kujua. Kisha ikaita.

Kinachosahaulika ni kwamba kwenda kwenye jua si kuanguka tu. Tunalizunguka kwa kilomita 30 kwa sekunde, na usipoupunguza mwendo huo utalizunguka milele. Parker ilijipitisha karibu na Zuhura mara saba ili ipunguziwe mwendo kidogo kidogo, kwa miaka sita.

Kokoto

Nafungua uzi niliofunga. Mwalimu, ile ya dakika kumi na moja imeniuma mimi.

Masafa Mafupi

Nakubali kusahihishwa. SOHO niliisahau kwa sababu haijawahi kuniharibia mazungumzo.

Zamu ya Usiku

Wakuu, nimerudi na ripoti.

Jana usiku, baada ya mzunguko wa pili, tumeifungua video mimi na mwenzangu. Jua la 171. Nikaisimamisha weusi ulipofika katikati. Akaichukua simu mkononi mwangu, akakuza, akaenda kwenye ukingo taratibu, akarudi, akaenda tena. Nikamwambia huo uchakavu ndio hewa tunayovuta. Hakusema kitu. Akasoma saa iliyoandikwa pembeni, akafungua video ya juzi, akasoma na ile.

Kisha akauliza: "Kwa hiyo huu weusi ni dunia kwa upande wa usiku?"

Nikamwambia ndiyo, ndivyo Mwalimu alivyosema, huko chini ya setilaiti ni karibu usiku wa manane.

Akaiangalia tena. "Basi humu ndani kuna mtu yuko zamu."

Akanirudishia simu, akachukua tochi. Ilikuwa saa tisa, mzunguko wa tatu ulikuwa wake.